Mlango wa Pikapu ya Mwalimu

Ukitaka kumkasirisha fundi bodi anayeitwa Dakika Tano, usimtukane wala usimcheleweshee chai yake. Mwambie tu apake puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, juu ya kutu. Ataweka nyundo chini, atajifuta jasho, na atakuuliza kwa upole wa kutisha kama unataka gari au unataka picha ya gari. Mficha maradhi, atakukumbusha, kifo humuumbua, na puti kwake si kitu ila shuka la kumfunikia mgonjwa.

Jina la Dakika Tano alipewa na wateja, na ni haki yake. Kila anayeuliza kazi itakwisha lini hujibiwa, "Dakika tano tu," na dakika tano za bwana huyu zimewahi kuchukua wiki sita. Watu humsema, huapa kwamba hawatatia mguu tena gerejini kwake, halafu hurudi wenyewe bila kuitwa, kwa kuwa gari lililotoka mikononi mwake halirudi kwa ugonjwa uleule. Ni mtu mfupi, mpana wa mabega, mikono imejaa makovu madogo ya cheche. Gereji yake ni uwanja uliozungushiwa mabati chakavu, mitaa miwili kutoka nyumbani kwake. Ndani kuna kibanda cha zana, mtungi wa gesi, rundo la milango isiyo na magari na magari yasiyo na milango, na kiti kimoja cha mbao cha mteja asiyeamini.

Basi, kwa miaka thelathini na mmoja kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye fundi huyu alitamani aketi kwenye kiti kile, na mtu huyo alikuwa baba mkwe wake.

Mzee huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu hata baada ya kuacha chaki. Alikuwa mtu wa mistari iliyonyooka. Shati lake halikuwa na mkunjo, na neno lake halikuwa na kona. Binti yake, fundi cherehani, alipomletea habari kwamba anaolewa na kijana wa gereji, Mwalimu alisimama mbele ya ndugu na majirani akatamka kwamba nyumba ya mgonga mabati yeye hataikanyaga. Hakupiga kelele. Alisema kama anayesoma matokeo ya mtihani, kisha akaketi. Na maji yakimwagika hayazoleki, hasa yakimwagwa mbele za watu na mtu anayejivunia kwamba hajawahi kuvunja neno lake.

Hata hivyo binti yake alimpenda, naye alimpenda binti yake. Kwa hiyo ukabuniwa utaratibu. Kila Jumamosi asubuhi Mwalimu alikuja na pikapu yake ya zamani, akasimama nje ya lango, akapiga honi mara mbili. Binti alitoka na kikombe cha chai, akampitishia dirishani. Waliongea hapo robo saa, yeye ndani ya gari, binti nje kaegemea mlango, kisha kikombe kikarudi na gari likaondoka. Wajukuu walizaliwa, wakaoneshwa dirishani. Wakakua, wakamwamkia babu dirishani. Mmoja wao, alipokuwa na miaka minne, alimuuliza mama yake kwa siri kama babu ana miguu.

Dakika Tano naye alitoka kila Jumamosi kumsalimu. "Shikamoo, Mwalimu." Hakuthubutu kumwita baba. Mwalimu aliitikia, "Marahaba, fundi," na hapo yakaisha. Neno fundi lilikuwa neno tamu nyumbani mwao, maana mke na mume waliitana hivyo kwa utani, fundi huyu na fundi yule. Lakini likitoka kwenye lile dirisha lilikuwa na baridi, na kila Jumamosi bwana yule aliingia ndani akiwa kimya zaidi kuliko alivyotoka. Mkewe aliliona hilo, na lilimuuma kuliko alivyowahi kusema.

Sasa tuseme habari ya ile pikapu. Ilikuwa na umri wa kutosha kuwa na wajukuu. Injini yake ilikuwa nzima, kwa sababu Mwalimu alibadilisha oili kwa tarehe, lakini sakafu ya kebini ilikuwa imeliwa na kutu. Zulia la mpira lilinyonya maji ya mvua mwaka hadi mwaka, likayaweka pale chini kama siri. Mwalimu aliona kutu ikichungulia pembeni, akampelekea fundi mmoja, kisha mwingine, kisha wa tatu. Mji mzima una mafundi bodi, alikuwa akisema, na alizunguka kwao wote isipokuwa kwa mmoja. Wote watatu walipaka puti.

Jumamosi moja honi ililia mara mbili kama kawaida. Binti alitoka na kikombe. Alipokuwa bado hatua kumi kutoka langoni alisikia mlio mkavu, kisha akaona kitu ambacho hakijawahi kuonekana mahali pale. Chini ya pikapu, kati ya tairi mbili, kulikuwa na kiatu cheusi kilichong'arishwa, kimesimama juu ya ardhi ya mbele ya nyumba yake, na ndani ya kiatu mlikuwa na mguu wa baba yake. Mwalimu alikuwa amekanyaga breki, na sakafu ikaitikia kwa kuachia.

Yule mjukuu wa zamani, sasa kijana mrefu mwenye ndevu, alikuwa nyumbani siku hiyo. Alirudi ndani akiwa ameuma ngumi ili asicheke, akawatangazia wenzake kwamba babu anayo miguu, ameithibitisha kwa macho yake.

Binti hakucheka. Alimsaidia baba yake kuuchomoa mguu ndani ya lile tundu, akauangalia kama umechanika, akampa chai. Kisha akamwambia kwamba gari hili litamuua, na kwamba mara hii alipeleke kwa fundi.

"Fundi yupi?" Mwalimu aliuliza.

"Unamjua, Baba."

Mwalimu alikunywa chai yote kabla ya kujibu. "Namjua," alisema.

Jumatatu pikapu ikasimama gerejini. Gereji si nyumba, kwa hiyo kiapo hakikuguswa, na Mwalimu alihakikisha watu wote wanaielewa tofauti hiyo. Aliketi kwenye kiti cha mbao, akafungua gazeti, akatangaza kwamba atakuwa akija kila siku mpaka kazi iishe. Dakika Tano alimtazama, kisha akaitazama ovaroli yake. Mkewe hakuwa amemwambia kitu asubuhi ile, alimpa tu ovaroli iliyopigwa pasi. Nani amewahi kuona ovaroli ya gereji ikipigwa pasi? Akajua ni kiasi gani mke wake anaitumainia kazi hii.

Kwanza alivua viti, akavua mlango wa dereva na kuuegemeza ukutani, kisha akaanza kufukua. Ukifukua sakafu iliyopita mikononi mwa mafundi watatu unasoma tabia zao. Juu kulikuwa na rangi, chini yake puti, chini ya puti kipande cha kopo la mafuta ya kupikia. Chini ya kopo palikuwa na kitambaa cha suruali ya jinzi kilicholowekwa gundi, na kwenye kona, karibu na klachi, saruji. Dakika Tano aliibandua saruji ile kwa patasi akaiweka mbele ya kiti cha Mwalimu. Mwalimu aliitazama kwa muda mrefu juu ya miwani yake. Aliyetia saruji alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

Baada ya kufukua, fundi aligongagonga kwa nyundo ndogo, sikio karibu, akitafuta mahali chuma kizima kinapoanzia. Chuma kizima hulia, kibovu hukohoa. Alizungushia chaki sehemu zinazokohoa, na duara la chaki likawa kubwa mpaka likachukua sakafu yote ya upande wa dereva na kizingiti cha mlango, yaani ule mhimili wa chini unaobeba mlango na nusu ya kebini.

Kisha akachukua maboksi ya karatasi ngumu, na Mwalimu akashusha gazeti ili aone vizuri.

Hili nalo lina historia yake. Zamani, alipokuwa anajifunza kazi, Dakika Tano alikuwa akikata bamba la chuma kwa kukisia, na nusu ya bamba ikienda kwenye takataka. Siku moja ovaroli yake ilichanika, akaipeleka kwa binti aliyeshona sare za shule dirishani kwake. Alimkuta akikata karatasi badala ya kitambaa. Akamuuliza kulikoni, na binti akamweleza kwamba karatasi ikikosewa inatupwa, kitambaa kikikosewa kinaliliwa. Kijana alirudi gerejini na maneno hayo kichwani, akarudi kesho yake bila ovaroli yoyote iliyochanika, na keshokutwa vilevile. Tangu hapo hakukata chuma kabla ya kukata boksi. Aliacha ukingo wa kupishana kama mshonaji anavyoacha nafasi ya mshono. Alishikiza bamba kwa vidonge vichache vya moto, kimoja huku kimoja kule, kabla ya kuchomelea moja kwa moja, na vidonge hivyo aliviita bandi, kama mkewe alivyoita nyuzi zake za muda. Na kabla ya kukata kizingiti chochote aliweka pini. Pini yake ilikuwa kipande cha nondo kilichochomelewa kukatisha tundu la mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili kebini isilale chuma cha chini kikiondoka. Hakuwahi kuiruka hatua hiyo, hata kwa gari la mtu aliyemchukia.

Siku ya kwanza alikata maboksi. Siku ya pili alikata maboksi tena, maana ya kwanza hayakumridhisha kwenye mviringo wa karibu na klachi. Mwalimu alikuwa amemaliza gazeti, amelikunja mara nne, na sasa anatazama saa yake.

"Fundi," alisema, "hizi dakika tano zako, huwa zinaanza lini?"

Alisema bila ubaya, labda hata kwa utani. Lakini mtu uliyemngoja miaka thelathini na mmoja akikuuliza swali, hulisikii kama swali. Uso wa Dakika Tano uliwaka moto. Yeye, ambaye amewaambia wateja mamia kwamba haraka haraka haina baraka mpaka wakamchoka, aliinua grainda, akaingia kwenye pikapu, akakata kizingiti. Cheche ziliruka hadi kwenye kiti cha mbao. Nondo ilikuwa imeegemea ukuta pale pale, karibu na mlango uliovuliwa.

Alifanya kazi kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake. Siku ya tatu sakafu mpya ilikuwa imekaa, na siku ya nne saa nane mchana alikuwa ameichomelea yote, mshono mmoja mrefu, sawa kama mstari wa cherehani. Mwalimu aliinama akaupitisha kidole, akasema, "Safi." Neno moja tu. Kisha akaenda zake nyumbani kupumzika, na fundi akabaki akitabasamu peke yake mbele ya pikapu.

Akaubeba mlango, akautundika kwenye bawaba zake, akaufunga. Mlango ulikwenda vizuri, vizuri, halafu ukagota.

Aliujaribu tena. Akaangalia juu. Kona ya mbele, kati ya mlango na nguzo, kiberiti kingepita na nafasi ikabaki. Kona ya nyuma hata karatasi isingepita. Dakika Tano aligeuka akaiona nondo ukutani. Kebini ilikuwa imelala, naye ameichomelea ikiwa imelala. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, amelifanya yeye, kwenye gari hili kuliko magari yote.

Jirani yake, fundi rangi, alikuwa akipiga msasa boneti upande wa pili wa uwanja na aliona yote. Alikuja, akaujaribu mlango, akapiga mluzi. Kisha akamshauri kama rafiki. Bawaba ikunjwe kidogo kwa nyundo, kitasa kisogezwe, mlango utafunga, na yeye mwenyewe atapiga rangi vizuri hata shetani asione. Gereji zote hufanya hivyo. Mwalimu amekwisha kusema safi, sasa ya nini kumwamsha aliyelala?

Dakika Tano alishukuru, akafunga gereji, akaenda nyumbani.

Mkewe alikuwa amepiga magoti sakafuni juu ya kitambaa, pini kati ya midomo, akikata sare. Alimtazama mara moja tu akaacha mkasi. Bwana alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha sebuleni akamweleza kila kitu, nondo, swali la baba yake, lile neno safi, na ushauri wa fundi rangi. Akamwambia pia jambo ambalo lilikuwa likimsumbua tangu saa nane. Miaka yote hii baba yake alikuwa akimngojea akosee. Kesho akimwambia ukweli, atakuwa amempa mkononi ushahidi alioutafuta, na langoni hapo honi itaendelea kulia mpaka mmoja wao afe.

Mkewe alizitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye kitambaa. Alijua anachokisema kinaweza kumgharimu nini. Alikuwa amekwisha kuota, usiku wa Jumatatu, baba yake ameketi ndani ya nyumba yake, kwenye kiti cha dirishani.

"Fumua," alisema.

"Na yeye?"

"Kufumua si aibu, fundi. Aibu ni kuvaa nguo iliyopinda, na unajua imepinda." Kisha akaendelea kukata, lakini ilimbidi akate kipande kile mara ya pili.

Asubuhi Mwalimu alipofika na gazeti lake, Dakika Tano alikuwa amesimama kando ya kiti, ametulia kama mtoto aliyeitwa ofisini. Alimwomba asifungue gazeti kwanza. Fundi rangi alijifanya anatafuta msasa.

"Mwalimu, nimekosea. Nilikata kizingiti bila kuifunga kebini kwa nondo. Imelala, na mlango haufungi. Nitaifumua kazi yote ya siku nne nianze upya."

Mwalimu aliufungua mlango akaufunga, mara tatu. Mara tatu uligota. Akauliza kama hakuna njia ya mkato. Fundi akasema ipo, akamweleza habari ya bawaba. Akauliza kama yeye angegundua. Fundi akasema leo asingegundua, lakini baada ya mwaka mmoja wa barabara mbaya sakafu ingeanza kupasuka kwenye mishono na maji yangeingia tena.

"Na siku hiyo ungeniambia nini?"

"Ningekwambia gari ni la zamani."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole. "Hii nondo, hukujua kwamba inafungwa?"

"Nilijua. Nilifanya haraka."

"Nani alikuharakisha?"

Dakika Tano alitazama viatu vyake. Adabu ilimzuia kujibu, na kuongopa hakutaka. Upande wa pili fundi rangi akakohoa. Mwalimu aligeuka akakitazama kile kiti cha mbao, gazeti lililokunjwa, na saa yake mkononi, na ikawa zamu yake uso kumwaka.

"Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na nane," alisema hatimaye. "Sijapata kuona mtu akiniletea kosa ambalo mimi mwenyewe nimekwisha kulitia vema." Akavua koti, akalitundika kwenye kioo cha pikapu, akakunja mikono ya shati. "Niambie nishike wapi."

Ndiyo ikawa kazi ya watu wawili. Fundi aliukata ule mshono mzuri kwa grainda, na kila kipande kilichoachia kilimuuma. Aliweka jeki chini ya kebini, na Mwalimu akapiga magoti mlangoni, kiberiti mkono mmoja, rula yake ya mfukoni mkono wa pili, akipima nafasi ya juu na ya chini. Fundi alipandisha jeki kidogo kidogo, na mzee akawa akiita, bado, bado, kidogo, rudisha unywele, simama. Fundi hakuwahi kupata msaidizi mwenye jicho kali namna ile. Nafasi ilipokuwa sawa pande zote, nondo ikachomelewa, na hapo tu ndipo sakafu ikarudishwa, kwa bandi kwanza, mshono baadaye. Hakuna aliyetazama saa. Siku nne zikawa kumi na mbili. Chini kabisa, mahali ambapo hakuna jicho la mteja linalofika, fundi alitoboa vitundu viwili vya kutolea maji, akavisugua kingo zake kwa brashi ya waya na kuvipaka rangi ya kuzuia kutu mara tatu. Mwalimu alilala chali juu ya boksi ili avione.

Ni hapo chini ya gari, wote wawili chali, ambapo mzee alimuuliza fundi hili neno la kufumua, analolitumia kila mara, amelitoa wapi.

"Kwa binti yako," fundi alisema.

"Yeye husemaje?"

Akamwambia, neno kwa neno, habari ya aibu na nguo iliyopinda. Mwalimu aliinua kidole akagusa ukingo wa kitundu. Kisha akasema kwamba rangi ya kona ile bado mbichi, watoke.

Ijumaa ya wiki ya pili, jioni, pikapu ilikuwa tayari. Mlango ulifunga kwa mlio mmoja mnene, bila kurudia. Sakafu ilikuwa ya kijivu, imenyooka, haina zulia, kwa amri ya fundi. Mwalimu alivaa koti lake, akalipa kama mtu yeyote, akafungua mlango. Aliitazama sakafu. Kisha akainama, akafungua kamba, akavua viatu vyake vyeusi akavipanga ardhini, kisigino kwa kisigino, akaingia peku. Sakafu kama hii, alisema, haikanyagwi na vumbi la nje. Akawasha injini akaondoka.

Dakika Tano alikimbia nyuma yake hadi nje ya mabati, viatu mkononi. "Mwalimu! Viatu!"

Pikapu ikasimama. Kichwa kikatoka dirishani.

"Unaniita Mwalimu, mimi nimekufundisha nini?" mzee alisema. "Vipeleke nyumbani. Nitavifuata kesho." Akaingiza gia.

Fundi alibaki katikati ya barabara na vile viatu hadi mtu wa baiskeli alipompigia kengele apishe. Alipofika nyumbani hakuweza kueleza vizuri. Alivinyanyua tu, na mkewe akavitambua, akavipokea kwa mikono miwili. Alivipiga rangi jioni ile, akavipiga tena asubuhi, akaviweka ndani, karibu na kile kiti cha dirishani. Kisha akaketi kwenye cherehani na kushona kitu ambacho hata yeye hakukijua ni nini.

Ilipofika saa ile ya kila Jumamosi, walisikia pikapu ikija. Ikasimama langoni. Cherehani ikanyamaza. Kikombe cha chai kilikuwa tayari mezani, na kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja mwanamke yule alikwisha kukishika, akingojea honi.

Honi haikulia. Injini ilizimwa, kisha kukawa kimya, kisha wote wawili wakausikia mlango ukifungwa, mlio mmoja mnene, bila kurudia.

"Ameshuka," alisema mkewe, na chai ikamwagika mkononi mwake wala asiihisi.